Karema: Kuogelea Kwenye Ufukwe Usio na Mlinzi

Treni ya Mpanda huachana na Reli ya Kati pale Kaliua, ikashika njia ya kusini-magharibi ndani ya miombo isiyoonekana mwisho. Reli hii ya tawi ilifika Mpanda mwaka 1950, na ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulifungwa zamani, lakini treni imebaki mali ya watu: akina mama wenye magunia na ndoo, vijana wanaofuata dhahabu, wanafunzi wanaorudi nyumbani. Safari hii ilimbeba pia mtu mmoja kutoka Tanga mwenye kaptula ya kuogelea na kamba ya nailoni mkobani.

Wengi hushangaa mtu wa Pwani akisema anakwenda Katavi kuogelea. Mkoa huu uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 unajulikana kwa viboko na tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kwa mpunga na mahindi yake. Lakini upande wa magharibi, katika Wilaya ya Tanganyika, ardhi yake inaishia majini. Ikola, Karema na vijiji jirani vimekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Fukwe zake ni ndefu na zina mchanga safi. Unaweza kutembea asubuhi nzima bila kuona hoteli, wala bendera ya kuonya, wala mlinzi wa waogeleaji.

Nilikwenda kujifunza jinsi mtu anavyoingia majini salama mahali kama hapo. Pwani yetu nayo, tangu Moa hadi Msimbati, imejaa fukwe za namna hiyo, na kila msimu wa likizo tunasikia mtoto au mgeni amechukuliwa na maji mbele ya wenzake.

Kabla ya kushuka ziwani nilipitia Sitalike, kwenye lango la hifadhi, chini ya saa moja kwa gari kutoka Mpanda mjini. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Mto Katuma ulikuwa umekatika vipande, na katika kila dimbwi lililobaki viboko walibanana hadi maji hayaonekani. Mwongoza wageni alinisimamisha mbali na kingo, akanionyesha mashimo kwenye ukuta wa udongo wa mto. Humo ndimo mamba wa Katavi hujihifadhi maji yanapokauka.

“Kiboko mchana yuko majini, na kila mtu anamwona,” alisema. “Hatari yake ni jioni na usiku, anapotoka kwenda malishoni. Ukikaa kati yake na maji, umemfungia njia ya nyumbani. Na mamba, kaka, ukiyatazama maji ya matope usione kitu, usiseme hayupo. Sema hujamwona.”

Maneno hayo niliyabeba hadi Karema, kwa sababu wanyama hao wawili wanaishi pia kando ya Ziwa Tanganyika, hasa penye matete na mahali mito inapoingilia ziwani.

Kutoka Mpanda unafuata barabara ya Kagwira kuelekea Ikola na Karema, zaidi ya kilomita mia moja. Nilikaa kiti cha mbele cha gari dogo la abiria lililojaa watu, kuku na madumu ya mafuta ya kula. Msitu ulifunguka kwenye mashamba, ukajifunga tena, kisha barabara ikaanza kuteremka, na ghafla upande wa magharibi rangi ya buluu ikajaza upeo wote. Ng’ambo ya ziwa, mbali mbele, milima ya Kongo ilionekana hafifu.

Njia nzima nilikuwa naihesabu barabara ile kwa macho ya mgonjwa. Mtu akizama Karema, hospitali ya mkoa iko huku nilikotoka. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, nne au sita hivi. Hakuna gari litakalowahi dakika hizo kwa barabara yoyote, hata ya lami. Maana yake ni kwamba katika ufukwe wa mbali usalama hauletwi na mtu wa kuitwa baadaye. Unapangwa kabla mguu haujagusa maji, na unapangwa na watu waliopo palepale.

Karema yenyewe inafundisha jambo jingine kuhusu maji. Mwaka 1879 Mbelgiji Ernest Cambier alianzisha hapa kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ikajengwa ngome jirani na ziwa. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa wamisionari wa White Fathers, na ndio chanzo cha misheni iliyopo mpaka leo. Hapa ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Mali. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889, na akatibu watu wa mwambao huu hadi alipofariki mwaka 1956.

Lakini ukisimama misheni leo ukalitafuta ziwa, utaliona mbali chini. Mwishoni mwa miaka ileile ya 1870, Mto Lukuga upande wa Kongo ulizibua mdomo wake uliokuwa umezibwa na mchanga na majani, na maji ya ziwa yakaanza kushuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Ngome iliyojengwa kando ya maji ikaachwa nchi kavu. Miaka ya karibuni mambo yamegeuka. Ziwa limepanda, likaingia kwenye makazi ya watu Bujumbura na kusumbua bandari ya Kigoma. Karema niliona vigogo vya miti vimesimama ndani ya maji, vingine vimefunikwa kabisa. Anayeruka kwa kutanguliza kichwa mahali alipoogelea miaka mitano iliyopita anarukia mahali asipopajua.

Kwa hiyo nilianza na wenye maji. Alfajiri nilishuka mwaloni wakati mitumbwi ya dagaa inarudi. Taa za usiku zilikuwa zimezimwa, wanaume wanakung’uta nyavu, wanawake wanapokea ndoo na kwenda kuanika. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mgeni. Umetokea wapi?”

“Tanga, mzee.”

“Basi maji unayajua.”

“Nayajua ya kwetu, mzee. Haya siyajui. Ndiyo maana nimekuja kuuliza kabla sijavua shati.”

Aliweka wavu chini. Akaniuliza nataka kuogelea wapi. Nikamwonyesha kaskazini, ambako mchanga ulikuwa mpana na hakukuwa na mtu.

“Pale watoto wanapooga, na wewe oga pale,” alisema. “Mahali pazuri kama hapo halafu huoni mtoto wala mama anayefua, jiulize kwa nini. Sisi hatupaachi bure. Mbele yake kuna mto unaingia, na matete. Ni pa mamba pale.”

Akanipa masharti mengine, nami niliyaandika. Nisiingie majini jioni kiza kikianza, wala alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri. Nisioge peke yangu. Nisiende penye mitumbwi mingi, kwa sababu mwenye injini hatazami kichwa cha mtu kilicho majini. Nikiona nyoka wa majini nimpishe. Yupo katika ziwa hili swila wa majini mwenye sumu kali, lakini chakula chake ni samaki, naye huwakimbia watu wasipomchokoza.

Halafu akaja kwenye upepo, na hapo alizungumza muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu juu ya ziwa hili, na siku nyingine huinua mawimbi yanayowarudisha hata wavuvi wazoefu. Lakini wimbi kubwa, alisema, kila mtu analiogopa. Upepo unaoua watoto ni ule unaotoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukingoni maji hulala kama mkeka, mtoto analala juu ya dumu au tairi, anacheza, na upepo unamsukuma taratibu. Anapogeuka, nyumba zimekuwa ndogo. Anaruka kutoka kwenye dumu ili aogelee kurudi, na hapo ndipo nguvu zinapomwishia.

Ushauri wa mzee kwa aliyechukuliwa hivyo ulikuwa mfupi: usiachie dumu. Linaloelea linaonekana, na linalobebwa na upepo litafuatwa na mtumbwi.

Nilikumbuka maji ya kwetu. Baharini mchukuzi mkubwa ni mkondo. Wakati wa bamvua, maji ya Unguja hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu kati ya kupwa na kujaa. Maji hayo yote yakiwa yanatoka nyuma ya mwamba hukimbilia milango iliyo wazi, na anayeogelea karibu na mlango huo anatolewa nje. Kwenye fukwe zisizo na mwamba, mawimbi yanayopanda mchangani lazima yarudi, nayo hukusanyika mahali pamoja na kurudi kwa kasi kama mto mwembamba. Mahali hapo utapaona panatulia kati ya mawimbi yanayovunjika kulia na kushoto, pengine maji yake yamechafuka kwa mchanga. Wageni hupachagua kwa sababu hapana mawimbi. Mkondo huo hutokea hata katika maziwa makubwa, upepo ukisukuma mawimbi ya kutosha.

Dawa yake ni moja kote. Usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Elea kwanza, pumua, inua mkono kuomba msaada. Kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi pamoja na mawimbi. Mkondo haumvuti mtu chini, unamtoa nje tu. Kinachomzamisha ni kuchoka na hofu.

Ziwa lina tofauti nyingine ambazo mtu wa bahari anapaswa kuzijua. Halina kupwa wala kujaa, kwa hiyo hakuna ratiba ya mwezi ya kukusaidia. Upepo ndio ratiba. Maji yake ni matamu, na maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama ya bahari, kwa hiyo utachoka mapema kuliko ulivyozoea. Tena ni maangavu mno. Penye mawe unaona samaki wadogo wa rangi wakizunguka chini ukadhani utasimama, kumbe kina ni mara mbili ya kimo chako. Hili ni ziwa la Bonde la Ufa, na sehemu nyingi kingo zake huporomoka kwenda kilindini bila mteremko wa taratibu. Mahali pasipo mchanga mpana, chukulia kwamba hatua ya pili haina sakafu.

Nilioga saa nne asubuhi, mahali pa watoto, na kijana mmoja mvuvi akakubali kukaa ukingoni. Kabla ya kuingia nilimkabidhi kamba yangu, tukaifunga kwenye dumu tupu la lita ishirini lililofungwa kifuniko vizuri. Niliingia kwa kutembea, nikipapasa kwa miguu, hadi maji yakafika kifuani. Kisha nikaogelea sambamba na ufukwe, nikienda na kurudi, bila kuufuata upeo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na matamu kinywani. Nilipogeuka chali niliona milima ya Kongo upande mmoja na moshi wa majiko ya Karema upande mwingine, na niliwaonea fahari watu wanaoishi kando ya maji mazuri namna ile.

Nilipotoka, yule kijana alinionyesha namna wanavyofanya mtu anapozama. Hawaruki kumfuata kwa mikono mitupu, kwa sababu anayezama humkumbatia anayemwokoa na wakazama wote. Anayemwona hupiga kelele kwanza. Mwenye mti mrefu au kasia anamnyooshea. Mwenye dumu na kamba anamtupia. Asiyefikiwa kwa mti wala kwa kamba anafuatwa kwa mtumbwi, na mwokoaji hubeba kitu kinachoelea cha kumsukumia mbele yake. Dumu la lita ishirini lipo karibu katika kila nyumba ya Tanzania. Likiwa tupu na limefungwa, linambeba mtu mzima.

Kuna hatua moja ambayo kila mwalo unapaswa kuijua. Aliyezama akitolewa hapumui, asining’inizwe kichwa chini, wala asibinywe tumbo ili atapike maji. Hayo hupoteza dakika na yanaweza kumpalia. Mlaze chali, rudisha kichwa nyuma kidogo, bana pua, na mpulizie pumzi mdomoni, kwa sababu alichokosa ni hewa. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, pumzi mbili, tena 30, bila kuacha mpaka apumue au apatikane mhudumu wa afya. Hata akizinduka apelekwe zahanati, maana maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidi saa chache baadaye.

Mchana mama mmoja aliyekuwa anafua alinisikia nikiuliza habari za kichocho. “Hicho tunacho,” alisema. “Watoto wanakunywa dawa shuleni, halafu wanarudi humuhumu.” Kichocho huletwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na huachia vijidudu zaidi jua linapopanda hadi mchana. Ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo kuliko ghuba yenye magugu, lakini ndogo si sawa na hakuna. Mgeni aliyeoga ziwani akapime wiki sita hadi nane baadaye, hata kama hana dalili, kwa sababu dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokomaa na huwaacha wachanga. Na sote, wenyeji na wageni, tusijisaidie majini wala ukingoni, kwa kuwa ugonjwa huzunguka kwa njia hiyo.

Nilimuuliza mama yule kama anajua kuogelea. Akasema hapana. Wanawe wa kiume wanajua, walijifunza kwa kufuatana na wenzao. Yeye na binti zake huishia magotini. Lakini ni yeye na binti zake wanaochota maji kila siku, wanaoosha vyombo, na wanaopanda boti kwenda kwenye msiba au zahanati ya kijiji cha pili. Wanaoyagusa maji kuliko wote ndio wasiojua kuelea.

Jambo hili limenikaa moyoni kuliko lolote nililoliona Katavi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 peke yake. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Sisi Watanzania hatuhitaji takwimu za mbali kuelewa. Tunayo majina ya vyombo vilivyozama, MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Lakini vifo vingi vya maji havina jina la meli. Ni mtoto mmoja mwaloni, siku ya kawaida, mita kumi kutoka kwa mama yake.

Na kazi hii inawezekana. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kufundisha wanawake na wasichana kuogelea, wakiwa na mavazi ya staha yanayoendana na dini na mila zao. Mwanza, shirika la EMEDO linafanya kazi ya kuzuia kuzama katika jamii za wavuvi wa Ziwa Victoria. Ziwa Tanganyika linastahili juhudi kama hizo, na Karema, ambayo sasa ina bandari mpya ya kuiunganisha nchi na Kongo, itapokea abiria na wageni wengi zaidi kila mwaka.

Kwa msafiri anayefikiria kwenda, neno langu ni hili. Nenda, kwa sababu mwambao huu ni miongoni mwa sehemu nzuri kuliko zote nchini. Ukifika, salimia wazee kabla hujasalimia maji. Oga wanapooga watoto, saa wanazooga wao. Mwache mtu ukingoni mwenye dumu na kamba. Usinywe pombe ukaingia majini. Upepo ukitoka nchi kavu, usipande kitu chochote kinachoelea.

Na kwa walimu, viongozi wa vijiji na kamati za uvuvi za mialo ya Katavi, ninaomba mambo mawili: kila mwalo uwe na dumu lililofungwa kamba likining’inia mahali panapoonekana, lisiguswe kwa kazi nyingine; na kila shule iliyo kando ya ziwa ifundishe watoto wote kuelea, wasichana wakiwa wa kwanza.